Mwalishi Asiyeruka Mlango

Sikuwahi kumwona akimaliza kikombe cha kahawa mahali pamoja. Funda la kwanza atalipiga barazani kwetu, la pili kwa Mwarabu wa dukani, na kikombe atakirudisha kwa muuza kahawa kule mbele karibu na soko, yule mzee akikipokea bila kuuliza kimefikaje. Akiwa hayupo watu walimwita Kiguu na Njia. Akiwapo walimwita Mwalishi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ukiwa na harusi, hitima, tohara au msiba, humwiti mpishi kwanza wala mpiga ngoma. Unamwita yeye, naye anazunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Jina lake la kuzaliwa nililijua, na sitalitaja. Alikotoka hakuniambia, nami sikumwuliza. Pale Kariakoo kila mtu alikuwa ametoka mahali, na wengi wetu tulipenda mambo yabaki hivyo.

Mimi nilifika mjini nikiwa mke wa mwaka mmoja. Mume wangu alikuwa na kazi kwenye karakana za reli, Gerezani, tukapanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Mlango wa Mwalishi ulitazamana na wetu. Siku ya kwanza alinitazama nikifungua mizigo, akanihurumia.

"Wewe mwali, utazoea?" akaniuliza.

"Sijui, bibi."

"Usizoee upesi. Wanaozoea upesi hunenepa, wakashindwa kutembea."

Siku zile, mimi nilikuwa na kiherehere changu. Usingizi sikuupata vizuri, chakula hakikunishuka, nilikuwa nikitoka uani na kurudi ndani mara kumi kabla ya adhuhuri bila kujua ninatafuta nini. Nadhani ndiyo maana tulipatana. Yeye alikuwa anajua anakimbia nini, lakini hilo nilikuja kulifahamu baadaye sana.

Wanaouona mji wa sasa hawataamini jinsi ulivyokuwa mdogo siku zile za Mwingereza, baina ya vita ile na vita ile. Upande wetu ulikuwa kijiji kilichonyooshwa kwa rula. Mitaa ilikuwa imenyooka kweli, kila nyumba na namba yake, lakini hakuna aliyetumia namba. Tulisema nyumba ya mlango wa buluu, nyumba ya mama anayekohoa, nyumba iliyoezekwa madebe. Ukipiga chafya mtaa wa kwanza, mtaa wa tatu wanakuuliza kama umepona. Ukinunua samaki sokoni, jirani anajua ni samaki gani kabla hujamparua. Misikiti miwili iliyokuwa karibu nasi ilikuwa na saa mbili zisizopatana, basi ikifika Ramadhani upande mmoja wa mtaa unafuturu na upande wa pili bado unatazama. Dakika zile chache zilileta maneno kila mwaka. Kulikuwa na wanaume wawili marafiki, nyumba zao zinatazamana, ambao mwezi mzima hawakusemezana kwa sababu mmoja alimpungia mwenzake tende kabla saa ya mwenzake haijafika. Siku ya Idi wakakumbatiana kama waliotoka safari.

Mwalishi aliishi ndani ya vijambo kama hivyo, na hakuvicheka. Alivibeba. Mavazi yake yalikuwa buibui lililopauka, amelikunja na kulifunga kiunoni kama mchukuzi wa mizigo, na makubadhi ya kiume yaliyolika kisigino. Wanawake wenye haya zao walisema anawaaibisha. Yeye alisema buibui refu huzoa vumbi, na vumbi halialiki mtu.

Hodi yake ilikuwa mbili za haraka. Ukiitika, hakuingia. Atasimama pale pale kizingitini na kuanza kwa maneno yake: "Sikuja, nimetumwa." Kisha atasema ametumwa na nani, kuna jambo gani, siku gani, saa ngapi, na mnaombwa kuja na nini. Mwenye nyumba ilimpasa kujibu, "Tumesikia." Bila neno hilo haondoki. Akishalipata anaondoka, hata kama umekwisha mkunjulia mkeka. Kusoma hakujua. Nyumba mia na kitu alizishika kichwani kwa mfuatano wake, na mtu akihama, alinung'unika kama amenyofolewa jino.

"Mlango haurukwi," alizoea kusema. "Ukiruka mmoja, umewatukana wote."

Na kweli hakuruka. Aliwaalika maskini kwa maneno yale yale aliyowaalikia matajiri, na hakubadilisha sauti. Mhindi mmoja muuza vitambaa, mtu wa dini ya Kihindu, duka lake lilikuwa ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Wanawake wa kwetu walikuwa wakinunua kanga kwake. Mwaka mmoja akataka kuwakaribisha wateja wake katika sikukuu yao, akamtuma Mwalishi. Mwalishi jina la sikukuu hakuweza kulitamka, lakini mlango hakuruka. Alitwambia, "Sikuja, nimetumwa. Mhindi wa kanga anawasha taa zake kesho jioni, anasema mje mle vitu vitamu. Msiniulize ni kwa ajili gani. Ameniambia, nimesahau, lakini ni jambo la heri." Tukavuka uwanja ule kundi zima, tumejifunga kanga za dukani kwake, tukala vitu vitamu tumesimama mlangoni, mkewe akituchekea kwa furaha. Mwaka uliofuata alimtuma tena. Jina la sikukuu Mwalishi alilisahau tena.

Ningesema alikuwa mkweli, ningekuwa nadanganya. Katika mambo madogo alidanganya kama anayepumua. Ukimwuliza amekula, amekula. Ukimwuliza mguu unamuuma, haumuumi, huku unaona umevimba. Mama mwenye nyumba akimwuliza nani ametumia maji yote ya pipa, Mwalishi atamtaja mpangaji aliyehama mwezi uliopita. Siri za watu, hata hivyo, hazikumtoka. Aliingia nyumba ambazo mume na mke walikuwa wakirushiana vyombo, akasema aliyotumwa, akajibiwa "tumesikia" baina ya sufuria mbili, na akitoka pale hutamsikia akisema neno.

Jingine lililonishangaza ni mlango wake mwenyewe. Yeye aliyebisha milango ya mji mzima, wake aliufunga. Miaka niliyokaa naye sikuwahi kuona mgeni ameingia. Ukimbishia, anatoka yeye, anauvuta mlango nyuma yake, mnazungumzia ukumbini. Nazi alinipa mimi nimkunie, kwa sababu mbuzi ya kukunia nazi inataka mtu akae juu yake, na yeye kukaa ndiko kulikomshinda. Wali wake aliula kwa kusimama, sahani mkononi, akitazama njiani.

Na masika yakifika, alikuwa mtu mwingine. Mvua ikianza wengine wanakimbilia ndani, yeye anatoka. Anajifunika ungo kichwani na kwenda, hana aliyemtuma, anarudi magoti yamejaa tope. Ukimsemesha anakujibu kwa ukali. Siku moja nilimwambia, "Bibi, utaugua." Akanijibu, "Kwani wanaougua ni wale tu walioloa?" Akaingia chumbani na kujifungia. Nikamsikia anatembea humo ndani, ukuta hadi ukuta, kwa muda mrefu.

Sasa nisimulie habari za Shangazi, maana bila yeye nitakuwa sijasema kitu.

Pale Gerezani palikuwa na fundi cherehani mwenye baraza yake, mtu mpole, kanzu za nusu ya mji zimepita mikononi mwake. Dada yake mkubwa alikaa kule bondeni Msimbazi, ng'ambo ya mto, akilima mchicha na bamia. Fundi alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alimwita yule dada shangazi, basi nasi sote tukamwita Shangazi. Ndugu hao wawili hawakuwa wakisemezana. Sababu ilijulikana na kila mtu, mimi niliambiwa wiki yangu ya kwanza: mama yao alipofariki, Shangazi aliitwa mazikoni na hakuja. Mwalishi mwenyewe ndiye aliyempelekea habari, na Shangazi alinyamaza, hakujibu kitu. Alikuja siku ya nne, mama amekwisha zikwa, akasema hakuitwa. Watu wakasema, huyu mwanamke hana haya. Amekataa kumzika mamake, na bado anamsingizia Mwalishi asiyeruka mlango.

Tangu hapo watu walimwepuka. Mchicha wake waliununua, lakini shughulini hakuna aliyekaa naye mkeka mmoja.

Mwaka wangu wa pili nilifuatana na Mwalishi kwenda Msimbazi. Mimi nilitaka mboga, yeye ana hitima ya kualikia. Nyumba zote alipita mbiombio. Tulipofika kwa Shangazi mwendo wake ukapungua. Akabisha. Shangazi akatoka, mwanamke mrefu, mikono ina udongo, akashika mwimo wa mlango. Mwalishi akasema maneno yake yote, hitima ya nani, siku gani, saa ngapi. Shangazi hakujibu. Mwalishi akangoja. Mimi nikatazama chini kwa aibu. Tukakaa hivyo mpaka kuku wakaja wakapita baina yetu, kisha Mwalishi akainama kidogo, akageuka. Tulipokuwa tumeshika njia, niligeuza shingo nikamwona Shangazi anachota maji kwa kata na kumwagia pale mahali Mwalishi aliposimama.

"Ana nini yule?" nikauliza.

"Ana haki," Mwalishi akasema, akazidisha mwendo.

Nilidhani anamsamehe tu. Nikamwona mtu mwenye moyo mkubwa. Naona aibu kukumbuka jinsi nilivyomsifu kwa mume wangu jioni ile.

Yule binti wa Fundi alikuwa amelelewa na Shangazi tangu alipoachishwa ziwa mpaka karibu miaka kumi, mpaka msiba ule ulipowatenga. Alipopata mchumba, kijana wa kwenye bohari bandarini, mji wote ulifurahi. Siku ikapangwa. Mwalishi akaitwa, na Fundi akampangia wa kuwaalika. Akamaliza kwa kusema, "Msimbazi kwa dada yangu usifike."

Baada ya siku mbili tukasikia kwamba binti amekataa kula. Alikuwa amekwisha tiwa ndani kama mwali, na alipokuja kungwi wa kumsinga mwili kwa manukato, akampa mgongo. "Atakayenisinga ni shangazi," alisema. "Asipokuja, waambieni watu wasije." Baba yake akasimama mlangoni pa chumba akamjibu, "Aliyekataa kumzika mama yangu hatamgusa mwanangu." Chakula kiliendelea kurudi jikoni kama kilivyokwenda. Siku ya tatu hivyo. Mama yake alikuwa akilia, wapishi wanauliza kama wanunue mchele au wasinunue.

Mwalishi alizipata habari hizo barazani kwetu. Alikuwa na kikombe mkononi, akakiweka chini kimejaa. Aliingia chumbani kwake, akatoka, akaingia tena. Kisha akaja kwangu.

"Jifunge kanga, twende."

"Wapi, bibi?"

"Msimbazi. Nataka mtu wa kusikia, nisije nikarudi nikasema nimesema."

Sikuelewa, lakini nilikwenda. Ilikuwa asubuhi, jua limeshawaka, na njia nzima alikwenda kama anayefukuzwa, mimi nahema nyuma. Mara mbili alisimama ghafla, na nikadhani anageuka. Hakugeuka. Tulipofika akabisha, Shangazi akatoka, akashika mwimo.

"Leo sikutumwa," Mwalishi akasema. "Nimekuja."

Shangazi akauachia mwimo.

"Siku ile ya mama yako sikufika hapa. Niliishia kule mtoni. Maji yalikuwa yamepanda, nikaona ng'ombe anachukuliwa, nikaogopa. Nikasema nitangoja yapungue. Hayakupungua, na maziko yalikuwa alasiri. Nikarudi. Ndugu yako akaniuliza, umefika? Nikasema nimefika. Akaniuliza, amesema nini? Nikasema amenyamaza."

Nilimtazama Mwalishi nikaona mikono yake inashika na kuachia pindo la buibui.

"Kwa nini ulisema nimenyamaza?" Shangazi akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

"Ningesema umesema neno, ingenibidi nilitunge. Kunyamaza hakuna maneno."

"Miaka tisa," Shangazi akasema. "Kila ulipokuja hapa na harusi za watu nilikuwa nangoja useme."

"Nilijua unangoja."

"Na ukaondoka."

"Nikaondoka."

Nilitaraji atamtukana, au atalia, au atasema yamekwisha. Shangazi alijifuta mikono kwa kanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Mimi huniletei habari," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Habari hupelekwa kwa asiyejua. Nenda kawaambie wao."

"Ndugu yako?"

"Wote uliokuwa ukiwaalika. Nyumba kwa nyumba, kama ulivyozoea."

Mwalishi akalikaza buibui kiunoni. "Tumesikia," akasema, neno ambalo maisha yake yote alikuwa akiambiwa yeye.

Akaanza siku ile ile, nami nikamfuata, sijui kwa nini sikurudi nyumbani. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimemwamini kama wengine, na nilikuwa nimemtazama yule mwanamke kwa jicho baya kwa ajili ya uongo wake. Lakini kila alipokaribia mlango, aliyetamani tugeuke alikuwa mimi.

Mlango wa kwanza akasema, "Sikutumwa, nimekuja. Mama yake Fundi alipofariki nilisema nimemwita binti yake Msimbazi. Sikumwita. Nilidanganya. Yeye alisema kweli." Mama wa nyumba akamtazama, akaniangalia mimi, akauliza, "Harusi ya nani?" Hakuwa amesikia, masikio yake yalikuwa yamezoea kualikwa. Mwalishi akarudia yote, neno kwa neno. Yule mama akashika mdomo.

Nyumba nyingine walicheka, wakidhani ni mzaha wa kabla ya harusi. Nyingine walimfungia mlango kabla hajamaliza, naye akamalizia mbele ya mbao. Nyumba ya mama anayekohoa alitokea mwanamke akamwuliza, "Na mimi? Ulipokuja kuniambia kaka yangu amefia bara, hiyo ilikuwa kweli?" Mwalishi akajibu ilikuwa kweli. Yule mwanamke akasema, "Sasa nitajuaje?" Hilo ndilo lililomchoma. Tulipofika kwa Mwarabu wa dukani, alisikiliza mpaka mwisho, mzani mkononi, kisha akasema kwa upole, "Mama, kwangu usipite tena na kahawa mkononi. Kunywa hapa au acha." Sikujua kama ni adhabu au ni huruma, na nadhani naye hakujua.

Jioni mume wangu alinikemea. "Umezunguka mji kutangaza uongo wa mtu?"

"Yeye ndiye aliyekuwa akitangaza," nikasema. "Mimi nilikuwa nikitembea."

Siku ya pili tukamaliza mitaa iliyobaki. Baraza ya Fundi aliiacha ya mwisho, kwa woga, hakunificha. Bila shaka habari zilikuwa zimekwisha fika, mji ule haukuhitaji kungoja. Tulimkuta Fundi amekaa nyuma ya cherehani, hashoni, kitambaa kiko chini ya sindano.

"Nimekwisha sikia," akasema kabla hajasalimiwa.

"Umesikia kwa watu," Mwalishi akasema. "Niliyekudanganya ni mimi, basi nami nitakwambia."

Fundi akamwacha aseme. Akasema yote, mto, ng'ombe, amefika, amenyamaza. Alipomaliza, Fundi alikuwa akitazama gurudumu la cherehani.

"Alipokuja siku ya nne," akasema, "akasimama hapo nje, mvua inamnyea. Wewe ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Mimi nilimwambia nini?"

"Fundi, acha."

"Nimekuuliza. Nilimwambia nini?"

"Ulimwambia arudi alikotoka. Ulimwambia mama yenu alikufa akiwa na mtoto mmoja."

Fundi akainuka. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni, kofia imebaki juu ya meza. Akatupita bila kututazama, akashika njia ya Msimbazi mchana ule wa jua kali.

Harusi ilifanyika siku iliyopangwa. Shangazi ndiye aliyemsinga bibi harusi. Walipomtoa nje nilimwona kaka yake amesimama pembeni yake, wala hawakuwa wakizungumza, ila alikuwa amemshikilia kanga yake ya pili kama mtoto anavyoshikilia nguo ya mama sokoni. Wanawake waliokuwa wakimwepuka walijikusanya mkekani kwake mpaka akakosa pa kunyoosha miguu. Sikuipenda sana ile haraka yao, na yangu nayo ilikuwamo.

Mwalishi hakuwapo. Hakuna aliyemwalika. Watu walikula pilau ya harusi ambayo bila yeye isingeliwa, na huku wanamsema. Nilitia pilau kwenye sahani, nikaifunika kawa, nikaichukua nyumbani. Mlango wake ulikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza nikaona ndani. Kitanda cha kamba, mtungi, msumari ukutani. Ufunguo ulikuwa umeachwa kwa Mwarabu wa dukani. Mwarabu alisema ameondoka asubuhi na furushi la nguo kichwani, na kahawa yake ameinywa pale pale barazani pa duka, yote.

Kazi yake akaipata mwanamke mwingine, mtu mzuri, aliyekuwa akiingia ndani, akikaa, akila. Mara nyingi aliruka milango. Hakuna aliyelalamika sana.

Mimi nimelifikiri jambo hili kwa miaka, na bado halitulii. Kuna siku nasema alikuwa jasiri, maana sijaona mtu mwingine aliyeitangaza aibu yake mwenyewe mlango kwa mlango. Kuna siku nasema miaka tisa ni mingi mno, na kwamba kama binti asingekataa chakula angeendelea kutualika mpaka kufa, naye Shangazi angeendelea kumwagia maji nyayo zake. Siku ile kule mtoni ningekuwa mimi ningevuka? Sijui kuogelea.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa miaka kadhaa imepita, vita ya pili haijaanza ila watu wamekwisha anza kuizungumza. Ilikuwa Idi, alasiri, uwanja wa Mnazi Mmoja umejaa pembea na wauza kashata, nami nina watoto wawili wananivuta kila mmoja kwake. Akanishika bega.

"Mwali," akasema. "Umenenepa."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe chini ya ukaya. Aliniambia anakaa Kigamboni, ameolewa na msokota kamba ambaye haoni, na kwamba mzee huyo anapenda asimuliwe habari za mji, basi yeye huvuka kila sikukuu kuja kuzitafuta. Nikasema sikujua angekubali kuolewa. Akasema hata yeye hakujua.

Akaanza kuniuliza. Nyumba ya mlango wa buluu? Wamehama. Mama anayekohoa? Yupo, anakohoa. Mwarabu wa dukani? Amempa mwanawe duka. Alizipita nyumba zote kwa mpango wake wa zamani, mtaa kwa mtaa, na mimi nikijibu nikaona anakaribia Gerezani, na sauti yake inapungua.

"Na Fundi?"

"Fundi yupo. Shangazi ndiye hatunaye. Ana miezi minne sasa. Alikuwa amehamia kwa kaka yake, amefia kwake."

Akaukaza ukaya wake kidevuni.

"Watu walikuja?" akauliza.

"Walikuja. Hata pa kusimama hapakuwapo."

"Nani aliwaita? Yule wenu mpya?"

"Fundi alimkatalia. Alizunguka mwenyewe, bibi. Na goti lake siku hizi bovu, anatembelea fimbo. Kila nyumba. Kwetu alifika kanzu imelowa jasho, nikamwambia apumzike, akakataa."

Aliitazama ile pembea ikipanda na kushuka na watoto wanaopiga kelele. Midomo yake ilikuwa inacheza, kama anayehesabu.

"Alianzia wapi?" akaniuliza.

"Alianzia jirani zake, pale pale Gerezani."

Akatikisa kichwa.

"Amekosea," akasema. "Angeanzia wa mbali. Wa karibu husikia kilio wenyewe."